Shimo Likijaa, Nani Alipe? Historia ya Choo Kutoka Madina Hadi Kikopey



Sifa zote njema ni za Allah (SW) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo, najua katika kurasa hizi umezoea kusoma kuhusu vita vya Badr, Laylatul Qadr na fadhila za kufuturisha. Mimi leo naomba ruhusa nikuzungumzie choo. Usicheke, na tafadhali usifunge jarida. Kama futari imekaribia, weka alama hapa urudi baada ya Tarawehe. Jambo lenyewe ni zito kuliko linavyosikika.

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru ukiwa umefunga, basi Kikopey unaijua hata ukifumba macho. Ukishapita Gilgil tu, moshi wa nyama choma unaingia dirishani na saumu yako inapata mtihani. Mbele kidogo, mkono wa kushoto, Ziwa Elementaita linang'aa huko chini. Wasafiri wanasimama, wanakula, wananawa, wanakwenda haja, kisha wanaondoka. Sisi wenyeji tunabaki na mifupa, na tunabaki na vyoo.

Babu yangu aliletwa Kikopey na kisu. Wenye bucha walitaka mtu wa kuchinja kwa Bismillah ili msafiri Mwislamu naye ale bila wasiwasi. Akapata kiploti, akajenga, akachimba choo cha shimo. Shimo hilo lilipojaa alifukia, akachimba la pili upande wa pili wa ua. Baba alipooa na vyumba vya kupangisha vikaongezeka, likachimbwa la tatu. Mwezi wa Shaaban niliporudi kutoka chuo nilimkuta baba uani na kamba mkononi, anapima. Shimo la tatu limejaa. Anapima kutoka kisima cha jirani, kwa sababu mabwana afya wametufundisha siku zote kwamba choo na kisima viachane angalau mita 30. Kila alipoweka kigingi palikuwa ama juu ya shimo la zamani, ama kwenye mwamba, ama karibu na kisima. Mwishowe akakunja kamba akaniambia, "Mwanangu, mahali pa kuchimba pamekwisha."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilitaka kujua watu waliotutangulia walifanyaje mahali pa kuchimba palipokwisha. Na zaidi ya hapo, nilitaka kujua nani alilipa.

KIKOPEY ILIKUWA YA NYANI NA KONDOO

Tuanzie nyumbani. Wakati wa ukoloni Kikopey ilikuwa ranchi, ikiandikwa Kekopey, mali ya mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere wa Soysambu. Lilikuwa eneo kubwa la kondoo na ng'ombe na watu wachache sana. Hata baada ya uhuru, mtafiti Mmarekani Shirley Strum alipoanza kuwachunguza nyani wa ranchi hiyo mwaka 1972, bado nyani walikuwa na nafasi ya kutosha. Kisha ranchi ikauzwa kwa shirika la wakulima, ardhi ikagawanywa vipande, mahindi yakapandwa, na nyani wakaanza kupigana na wakulima. Mwaka 1984 ikabidi Strum awahamishe nyani wake hadi Laikipia.

Kwa nini nakupa habari za nyani? Kwa sababu mwaka ule wa 1984 unatuonyesha kitu. Ardhi ilikuwa imejaa watu kiasi kwamba hata nyani walitafutiwa mahali pengine. Choo cha shimo kilifaa penye ekari nyingi na nyumba moja. Likijaa hili unahamia pale. Lakini ekari zikawa ploti za hamsini kwa mia, ploti zikawa vyumba vya kupanga, na njia ya kuondoa uchafu ikabaki ile ile ya wakati wa nafasi. Watu wameongezeka, visima vimeongezeka, mashimo nayo yameongezeka, yote ndani ya ua ule ule.

Tena ziwa letu la Elementaita halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki, isipokuwa maji yanayopanda juu na jua. Mwaka 2005 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2011 likatambuliwa na UNESCO, pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, kuwa urithi wa dunia. Kwa hiyo dunia nzima imetambua kwamba ziwa ni la wote. Lakini shimo la choo lililo juu ya mteremko wake bado linahesabiwa kuwa shida ya mwenye ploti.

DINI ILISHATANGULIA

Sisi tuliopitia madrasa mlango wa kwanza tuliofunguliwa ni wa tahara. Kabla hujafundishwa swala unafundishwa maji, najisi na kutawadha. Tumehifadhi kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Vile vile alionya vikali juu ya kwenda haja sehemu tatu zinazomletea mtu laana: penye maji wanayoyaendea watu, njiani wanapopita, na kivulini wanapopumzika.

Hebu zitazame tena sehemu hizo tatu. Maji, njia, kivuli. Zote ni mali ya umma. Maana yake, tangu karne ile ya kwanza uchafu wa mtu mmoja ulipofika mahali pa watu wote haukuwa tena siri yake na Mola wake peke yake. Ulikuwa haki ya watu.

Na upande wa gharama? Muhajirina walipofika Madina maji matamu yalikuwa shida, na kisima cha Ruma maji yake yalikuwa yakiuzwa. Asiye na kitu alikosa. Mtume (SAW) akahimiza mtu akinunue awape Waislamu, na Sayyidna Uthman bin Affan (RA) akatoa mali yake akakinunua, kikawa wakfu, tajiri na maskini wakachota sawa. Hakusema kila mtu ajichimbie chake. Somo tunalolipata ni kwamba kitu ambacho uhai wa jamii unakitegemea hakiachiwi mfuko wa kila mmoja peke yake.

Na usidhani mambo haya yalibaki Uarabuni. Ukifika Gedi, karibu na Malindi, mji wetu wa Waswahili uliostawi hasa katika karne ya 14 na ya 15, utaona kuta za nyumba za mawe zilizochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na vyoo vya shimo, na kando yake mahali palipojengwa maalum kwa maji ya kutawadhia. Msikiti mkuu ulikuwa na kisima chake. Mwaka 2024 UNESCO ikaitambua Gedi kuwa urithi wa dunia. Wazee wetu hawakuwa watu wa vichakani kama tulivyosimuliwa na wengine. Lakini tuseme kweli pia: choo kile kilikuwa cha mwenye nyumba ya mawe. Walioishi katika nyumba za udongo nje ya majumba hayo hawakuacha kuta za kutuonyesha walivyofanya.

LONDON ILIPONUKA

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu mji uliokuja kututawala nao ulikuwa na mashimo kama yetu. London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa mji wa mashimo ya choo chini na nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba alimlipa mtu aje usiku kuchota. Asiye na pesa aliacha likafurika. Vilipoenea vyoo vya kuvuta maji, mashimo yakajaa haraka zaidi. Wakuu wakaamuru nyumba ziunganishwe na mitaro ya mvua, nayo ikamwaga kila kitu mto Thames, mto ule ule ambao watu wengi waliunywa. Kipindupindu kikaua maelfu.

Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 600 walikufa kwa majuma machache. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mwaka uliofuata walipofukua wakakuta kisa chenyewe: shimo la choo la nyumba moja, kuta zake za matofali zimeoza, liko chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu ile. Humo ndimo maji ya kufulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa. Shimo moja, la familia moja, tena familia isiyokuwa na nia mbaya yoyote.

Niliposoma habari hiyo maktabani nilimkumbuka baba na kamba yake.

Na serikali ilifanya nini? Kwa miaka mingi ilibishana juu ya gharama. Hadi kiangazi cha 1858, joto lilipozidi na uvundo wa mto ukaingia madirishani mwa Bunge lenyewe, lililojengwa ukingoni mwa maji. Hapo ndipo waheshimiwa walipopata haraka. Kwa siku kama 18 hivi sheria ilipita, bodi ya jiji ikaruhusiwa kukopa pauni milioni 3, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa iliyokinga uchafu kabla haujafika mtoni. Pesa zilikuwa za umma na zililipwa kwa kodi ya wakazi. Tazama lakini kilichowaharakisha. Wa Broad Street walikufa 1854, na fedha zikatoka miaka minne baadaye, pua za wakubwa zilipoguswa.

NAIROBI NA NAKURU: MTARO WA NANI?

Waingereza hao hao waliokuja kwetu na reli walikuwa tayari wanajua yote hayo. Je, walituletea? Walileta, lakini kwa mafungu.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, dawa iliyotumika ilikuwa moto: soko likateketezwa. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akatumwa kutazama hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza miji igawanywe, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Badala ya kuondoa uchafu mjini, wakawaondoa watu wao karibu na uchafu. Mitaro ya maji taka ikafuata mgawanyo huo. Mwafrika wa lokesheni alibaki na choo cha shimo, cha ndoo, au cha pamoja.

Chukua mfano wa Pumwani, mtaa ambao vijana wengi wa Kiislamu wa Nairobi wana ukoo huko. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakazi walijijengea nyumba wenyewe, manispaa ikatoa viwanja na vyoo vya pamoja. Na je, fedha za kuwahudumia Waafrika wa mji zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika faida ya kilabu cha pombe cha manispaa kilichofunguliwa hapo hapo Pumwani. Naam, umesoma sawa. Kodi ilikusanywa kwa wote, lakini huduma za Mwafrika zikatafutiwa pesa za ulevi wake mwenyewe.

Nakuru nayo ilikua na reli, ikawa mji mkuu wa walowezi. Leo ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021. Ina mitambo miwili ya kusafisha maji taka, iliyopanuliwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1990, na maji yakishasafishwa huishia Ziwa Nakuru. Lakini wakazi walio wengi hawajaunganishwa na bomba. Hali si ya Nakuru peke yake. Ukisoma ripoti za WASREB, ambayo ni mamlaka ya kusimamia huduma za maji nchini, utakuta wanaofikiwa na bomba la maji taka katika maeneo ya kampuni za maji ni chini ya mtu mmoja kati ya watano. Mitaa kama Rhonda na Kaptembwo ilijengeka juu ya udongo mwepesi wa volkano, na shimo lisilojengewa linaweza kuporomoka. Kule Naivasha, mwaka 2020 ziwa lilipopanda, mtaa wa Kihoto uliingiwa na maji, nyumba na vyoo vyake pamoja. Hebu fikiria mwenyewe maji yale yalikuwa yamebeba nini.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Bomba la mtaani tangu zamani linaitwa maendeleo, linatengewa bajeti na linafunguliwa kwa utepe. Choo cha uani kinaitwa jukumu la mwenye nyumba. Kwa hiyo aliyeko karibu na bomba anasaidiwa na fedha ya wote, na aliye mbali anajilipia kila kitu, hali yeye naye analipa kodi kila anaponunua unga na sukari.

SHILINGI 20,000

Lakini usikate tamaa, kwa sababu si zamani sana jambo hili lilijaribiwa hapa hapa katika kaunti yetu.

Sheria ya Maji ya 2002 iliunda hazina ya amana ya huduma za maji, WSTF, kwa ajili ya maeneo yaliyosahaulika. Mwaka 2008, kwa mfano, choo cha umma chenye mtambo wa gesi ya kinyesi kilijengwa katika stendi ya magari ya Naivasha. Kisha mwaka 2011 ukaanza mpango uitwao UBSUP, na vyoo vyake vikaitwa SafiSan. Fedha zilitoka Ujerumani kupitia benki ya KfW na kutoka Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mwenye ploti anajenga choo kipya kwa ramani iliyokubaliwa, au anarekebisha kile cha zamani. Wakaguzi wanakuja kutazama. Kikikubaliwa, analipwa Sh 20,000 kwa choo kipya na Sh 15,000 kwa kilichorekebishwa. Kampuni ya maji ya mahali ndiyo inasimamia, na watu waliofunzwa wanaondoa tope la choo na kulipeleka kusafishwa. Kwa lugha nyepesi, serikali na wafadhili walikubali kwamba choo ndani ya ua wa mtu binafsi kinastahili fedha ya umma, kwa sababu faida yake inavuka ua.

Na lile tope? Kampuni ya maji ya Nakuru na wenzake wakabuni kulikausha, kulichoma na kulichanganya na vumbi la mbao likawa makaa ya kupikia, yaliyotengenezwa na kampuni iitwayo NAWASSCOAL. Ukiniuliza kama makaa hayo yanafaa kuchomea mbuzi wa Kikopey, mimi nitakupeleka kwa sheikh, kwa sababu maulamaa wana maneno marefu kuhusu najisi ikishabadilika kwa moto. Ninachosema ni kwamba elimu ipo na mafundi wapo.

Kasoro nazo zilikuwepo, tusifiche. Kwanza, pesa zilikuja baada ya kujenga. Asiye na akiba hawezi kuanza, kwa hiyo msaada unaweza kumfikia kwanza yule mwenye nafuu. Kule Rhonda na Kaptembwo, katika mradi mwingine wa vyoo ulioanza 2012, wenye nyumba walitafutiwa mikopo ya benki, na wewe kijana wa madrasa unajua mkopo wa benki unatuweka wapi. Pili, mpango wa wafadhili una mwanzo na mwisho. Unapokwisha, shimo linaendelea kujaa. Na tatu, mipango hii ilielekezwa zaidi katika mitaa ya miji. Kituo cha barabarani kama Kikopey si mji wala si shamba, kwa hiyo ni rahisi kurukwa.

Na hebu tazama neno tunalotumia kwa shirika lile la Marekani: Wakfu. Ni neno letu, la kisima cha Ruma. Watu wa mbali wamekuja kutusaidia vyoo, na jina la kazi yao tumelitoa katika vitabu vyetu wenyewe.

MAJI TAHIRI NA MAJI SALAMA

Kuna jambo linanisumbua, na naomba walimu wangu wanisahihishe nikikosea. Katika madhehebu yetu ya Shafii tumefundishwa kwamba maji yakifika kulatayni, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama lita 200 na kidogo, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kisima cha jirani yetu kina zaidi ya hapo. Maji yake ni meupe, hayanuki. Kwa hiyo mtu anatawadha, anaswali, na hukumu yake iko wazi.

Lakini vijidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yakamlaza mtoto hospitalini. Je, fiqhi yetu imeshindwa? Hasha. Fiqhi hiyo hiyo ina mlango mwingine, ule wa kutodhuru na kutolipiza madhara. Aliyechimba choo kando ya kisima hawezi kujitetea kwa jirani kwamba maji bado ni meupe. Haki ya jirani, ambayo Mtume (SAW) aliisisitiza sana, haiishii katika kumpelekea sahani ya sambusa wakati wa futari.

Baba analijua hilo, ndiyo maana alikunja kamba. Angeweza kuchimba usiku, kama wengine. Lakini aliacha, na mpaka ninapoandika haya familia nzima pamoja na wapangaji tunatumia choo cha jirani huyo huyo mwenye kisima, kwa ihsani yake, na kila siku nyanya yangu anavuka ua kwa mkongojo. Tulimwita mtu wa gari la kunyonya choo. Akaangalia shimo, akasema halikujengewa kuta, akinyonya litaporomoka na kibanda juu yake. Fundi naye akatupa hesabu ya tangi la saruji. Ni zaidi ya karo yangu ya muhula.

TUFANYE NINI?

Utaniambia, "Kila mtu abebe mzigo wake." Kweli, na baba habishi. Lakini historia tuliyoipitia inasema mji haukuwahi kusafishika kwa kila mtu kujichimbia. Madina alitoa mwenye mali kwa ajili ya wote. London ilikopa kwa jina la wote. Hata mkoloni alitumia fedha ya wote, ila aliwachagua wa kupata. Swali kwetu si kama fedha ya umma iingie chooni. Ilishaingia zamani, kwa wenye bomba. Swali ni kama itamfikia na yule wa shimo.

Nina mambo matatu.

La kwanza, tudai haki kwa njia yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na Jedwali la Nne limekabidhi huduma za maji na usafi kwa serikali za kaunti. Kila mwaka kaunti inatakiwa ipeleke makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi waitwe watoe maoni. Vikao hivyo vya wadi huwa na wazee wachache na viti vitupu. Sisi vijana tuko wapi? Tukienda tunaomba uwanja wa mpira na taa za barabarani. Safari hii tuombe fungu la vyoo vya majumbani: ruzuku ya kubadilisha mashimo ya zamani, gari la kunyonya la bei nafuu, na mahali pa kumwaga pasipokuwa korongo la kwenda ziwani.

La pili, tuzibe lile pengo la pesa za kuanzia. Chama chetu hukusanya michango ya futari kila mwaka, alhamdulillah. Je, hatuwezi kuanzisha mfuko mdogo wa qardhan hasana, mkopo usio na riba, familia moja ijenge, irudishe kidogo kidogo, ipewe nyingine? Ruzuku ya kaunti ikija, mkopo unalipwa. Isipokuja, angalau choo kimoja kimebadilishwa.

La tatu, tuanze na nyumba za Allah. Msikiti gani katika eneo letu una choo karibu na kisima cha udhu? Chukua kamba, pima. Hilo halihitaji bajeti ya mtu.

Ndugu msomaji, siku ya Idd utapita Kikopey pengine, ukiwa na kanzu mpya au buibui jipya, ukienda kuwaona jamaa. Simama ule nyama, imechinjwa kwa Bismillah, babu hakuacha kazi hiyo bila warithi. Ukimaliza kula utauliza choo kiko wapi. Kumbuka basi kwamba kuna mtu nyuma ya moshi ule anauliza swali hilo hilo, na yeye haondoki.

Allah atutakabalie saumu zetu, atutakase ndani na nje, na atujaalie tuwe wenye kuondoa madhara kwa majirani zetu. Wallahu a'alam.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.